Mastaa na matangazo ya simu: sura inauzwa sawa, je, na ushahidi nao unauzwa?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Naomba tujadili jambo ambalo kila mtu hapa Dar es Salaam analiona, lakini tunalipita kana kwamba halituhusu. Msanii anateuliwa kuwa balozi wa kampuni ya simu, anapiga picha na boksi jipya, anaandika kwamba siku hizi hatoki nyumbani bila simu hiyo, na mashabiki wanajaa kwenye maoni kumpongeza kwa dili. Haipiti saa moja, kwenye ukurasa uleule, anaweka picha aliyojipiga kwenye kioo cha lifti, na mkononi ameshika macho matatu, yaani iPhone yenye kamera tatu nyuma. Picha moja ya tangazo la namna hiyo niliikuza hadi mwisho: simu iliyokuwa ikisifiwa ilikuwa bado na ile plastiki ya kiwandani juu ya kioo, yenye maandishi ya sifa za kamera na betri, na skrini yake ilikuwa nyeusi. Haikuwa hata imewashwa. Chini yake mwenye ukurasa alikuwa ameandika kwamba inakaa na chaji siku mbili.

Nianze na msimamo wangu ili nieleweke. Sina ugomvi na msanii kulipwa. Sura yake na sauti yake ni mtaji alioujenga kwa jasho, na kampuni ikitaka kumpandisha kwenye bango pale Morocco au Ubungo ili watu wageuze shingo, hiyo ni biashara halali, na kila apitaye anaelewa kwamba pale kuna malipo. Ninachokipinga ni pale anapotoka kwenye sura na kuingia kwenye ushahidi. Akisema "naitumia kila siku", au "kamera yake imenisaidia kazini", au "nimeachana na niliyokuwa nayo", ameshatoa habari ambayo ni ya kweli au ya uongo, na atakayeiamini atatoa hela yake kwa sababu ya habari hiyo.

Hapa kwetu jambo hili ni zito kuliko wengi wanavyolichukulia, kwa sababu simu ya mtu wa kawaida wa jiji hili ni duka lake na benki yake. Dereva wa bodaboda anapokelea wateja humo, mama lishe analipwa humo, fundi aluminiamu anatuma picha za kazi zake humo. Wengi wanaichukua kwa mkopo: unalipa kianzio, kisha unalipa kila siku au kila wiki, na ukichelewa simu inajifunga. Anayenunua kwa fedha taslimu anapewa risiti iliyoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mnunuzi wa namna hiyo hana nafasi ya kujaribu na kurudisha. Anachokitegemea ni neno la mtu aliyetangulia kuitumia, na ndiyo maana neno hilo linalipiwa fedha nyingi. Tukumbuke pia kwamba Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia, watu walijifunza kupiga *#06# na kutuma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 ili wajue kama simu zao ni halisi. Simu tulipewa njia ya kuihakiki. Anayeisifia bado hatuna njia ya kumhakiki.

Huko nje walishafumaniwa wengi, na kilichowafumania kilikuwa kitu kidogo sana. Twitter ya wakati ule iliweka chini ya kila ujumbe lebo ya kifaa kilichoutuma. Novemba 2012 mtangazaji wa televisheni wa Marekani, Oprah Winfrey, aliisifia tableti ya Surface ya Microsoft na kueleza kwamba ameshanunua 12 kwa ajili ya zawadi za Krismasi, kumbe lebo ilikuwa inaonyesha kwamba ujumbe wenyewe umetoka kwenye iPad. Januari 2013 kampuni ya simu ya BlackBerry ilimtambulisha mwanamuziki Alicia Keys kuwa mkurugenzi wake wa ubunifu kwa dunia nzima. Mwezi uliofuata ukurasa wake ukatuma ujumbe kutoka kwenye iPhone, akajitetea kwamba umedukuliwa, na Januari 2014 ushirikiano ule ukafikia mwisho. Mwaka 2018 ikawa zamu ya mwigizaji Gal Gadot, aliyekuwa balozi wa Huawei, ambaye ujumbe wake wa kuitangaza simu ya Mate 10 Pro ulitoka na lebo ya iPhone. Lebo hizo ziliondolewa mwishoni mwa 2022, kwa hiyo hata hicho kidirisha cha kuchungulia ndani ya jambo hili kimezibwa.

Katika hadithi hizo zote, moja inanifikirisha zaidi. Kwenye sherehe za tuzo za filamu za Oscar za 2014, mshereheshaji Ellen DeGeneres aliwakusanya waigizaji wakubwa, Bradley Cooper akaishika Samsung Galaxy Note 3, ikapigwa picha iliyosambazwa na watu zaidi ya milioni tatu. Baadaye ikaonekana kwamba DeGeneres mwenyewe, akiwa nyuma ya jukwaa, alikuwa anatuma ujumbe kwa iPhone, na wengi wakamcheka. Mimi naona walimwonea. Picha ile ilipigwa kweli na simu ile, mbele ya watu, na kila mtu aliona imetokaje. Hakuhitaji kuapa kwamba ndiyo simu anayolala nayo. Alionyesha kifaa kikifanya kazi, basi.

Linganisha na Misri, Agosti 2018. Tangazo la Huawei Nova 3 liliwaonyesha mke na mume wakijipiga picha nzuri kwa simu hiyo. Kisha mwigizaji Sarah Elshamy akaweka kwenye ukurasa wake picha za nyuma ya pazia, na moja ikaonyesha mwenzake amenyoosha mkono mtupu, hewani, huku mpiga picha mbele yao ameshika kamera kubwa ya kitaalamu. Hapo hakuna aliyetamka neno la uongo kwa mdomo, lakini mtazamaji aliaminishwa kwamba kamera ya mbele ya simu ile inaweza kutoa picha ambayo haikuitoa. Huo nauhesabu kuwa ushahidi wa uongo kuliko lebo ya iPhone chini ya ujumbe, na nashangaa kwamba lebo ndizo zinazokumbukwa zaidi.

Naomba walio kwenye matangazo, wauza simu na wanasheria mchangie. Je, inawezekana hapa kwetu balozi wa simu akalazimika kuitumia kweli kabla ya kutushuhudia?

Mchangiaji wa Mikocheni

Ndugu, nashukuru kwa kulileta kwa staha. Mimi nipo kwenye wakala wa matangazo, na ningependa wanajukwaa wajue kazi inavyokwenda. Mteja anatupa bajeti na idadi ya posti. Mkataba unamzuia msanii kuonekana na simu ya mshindani kwa muda fulani, ingawa kufuatilia kioo cha lifti ni kazi nyingine. Maneno tunayaandika sisi, tunayatuma kwa meneja kwa WhatsApp, meneja anayanakili na kuposti, na wakati mwingine anasahau kufuta ile sehemu ya juu tuliyoandika "tafadhali posti saa kumi na mbili jioni". Simu yenyewe mara nyingi inafika siku ya kupiga picha, na jioni inarudi ofisini kwa sababu inahesabiwa. Sisemi kwamba ni sawa. Nasema kwamba msanii anaweza kuwa hajui hata kilichoandikwa kwa jina lake, kwa hiyo kumwita shahidi wa uongo ni kumbebesha mzigo wa watu wengi. Isitoshe, watu wazima wanajua tangazo ni tangazo.

Mwanzisha uzi

Mkuu, umeeleza wazi, na naomba nikujibu kwa kesi inayofanana mno na ulichokieleza. Mwaka 2019 Google ilizilipa iHeartMedia na kampuni nyingine za redio huko Marekani ili watangazaji maarufu waisifie simu yake ya Pixel 4 hewani. Waliandikiwa maneno ya nafsi ya kwanza: kwamba ndiyo kamera ya simu wanayoipenda kuliko zote, hasa kwenye mwanga hafifu, na kwamba wanaitumia katika mambo yao ya kila siku. Simu zenyewe hawakupewa kabla ya kurekodi. Watangazaji walisimulia picha walizopiga kwa simu ambayo hawakuwa nayo. Novemba 2022 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani, pamoja na wanasheria wakuu wa majimbo saba, walitangaza makubaliano kuhusu karibu matangazo 29,000 ya namna hiyo, na Google na iHeartMedia zikatakiwa kulipa dola milioni 9.4.

Angalieni mzigo uliangukia wapi. Waliodaiwa ni mwenye bidhaa na mwenye redio, yaani waliopanga, waliolipa na walioandika maneno. Hapo nakubaliana nawe kabisa kwamba msanii si wa kwanza kulaumiwa. Ila kuhusu watu wazima kujua, tuwe makini. Wanachokijua ni kwamba amelipwa. Kwamba hajawahi kuiwasha, hilo hawalijui, na hakuna popote kwenye tangazo panapowaambia.

Mchangiaji wa Kariakoo

Wakuu, mimi nauza simu mtaa wa Aggrey, naomba niseme ninachokiona dukani. Simu ikitangazwa na staa, wiki ya kwanza wateja wanakuja na picha ya skrini wanauliza, "Ile ya fulani ipo?" Jina la simu hawalijui. Wengine hawaulizi ina GB ngapi wala betri yake ikoje, wanataka ile ya kwenye picha na rangi ileile. Dada mmoja anayeuza mitumba Karume alikuja na picha ya namna hiyo, nikamwonyesha simu mbili za bei inayokaribiana, nikamweleza kwamba hii nyingine kioo chake kinapatikana kwa urahisi kikivunjika na mafundi wa hapa wanaijua. Akaniangalia kama namuibia. Akasema, "Kaka, yeye anaitumia, mimi ni nani?" Akaichukua. Mimi ni mfanyabiashara, nimeuza, sikulalamika. Lakini lile neno "yeye anaitumia" ndilo lililomfanya anunue, tena mbele ya maelezo ya mtu anayeshika simu kutwa nzima.

Niongeze kwamba nguvu hiyo haidumu. Baada ya miezi michache anayeuza simu ni fundi. Mafundi wakisema simu fulani inakufa chaji au inapasha moto, hata ikitangazwa na nani, inakaa kabatini.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Kariakoo, umenisaidia kuliko mifano yangu yote ya nje. Huyo dada alifanya hesabu yenye akili: mtu mwenye uwezo wa kununua simu yoyote amechagua hii, basi hii ni nzuri. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa kama habari iliyoingizwa mwanzoni ni ya kweli. Kwa hiyo naomba tusiwalaumu wanunuzi kwa ushamba. Wanafikiri vizuri juu ya habari waliyodanganywa.

Mchangiaji wa Kimara

Mimi ni mwanasheria, nitachangia kwa upande huo. Hatuko jangwani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Tumeizoea Tume kwa kukamata bidhaa bandia bandarini na madukani, lakini kupotosha kwa maneno nako kumo ndani ya sheria. Tatizo langu ni kwamba sheria yetu inazungumza kwa ujumla. Haimtaji mtu maarufu anayeshuhudia bidhaa.

Wenzetu walimtaja. Miongozo ya Marekani inasema kwamba tangazo likionyesha kuwa mtu fulani anaitumia bidhaa, lazima awe mtumiaji wa kweli wakati anatoa kauli hiyo, na tangazo liendelee tu pale ambapo mtangazaji ana sababu nzuri ya kuamini kwamba bado anaitumia. China, katika sheria yake ya matangazo iliyoanza kutumika Septemba 2015, ilimkataza moja kwa moja balozi wa bidhaa kupendekeza kitu ambacho hajawahi kukitumia. India, kwa sheria yake ya kumlinda mlaji ya 2019, inaweza, kwa kosa la kwanza, kumtoza anayetangaza kwa upotoshaji faini ya hadi rupia milioni moja na kumzuia kutangaza kwa hadi mwaka mmoja, isipokuwa aonyeshe kwamba alichukua hatua za kuhakiki alichokisema. Hilo la mwisho nalipenda kwa sababu linampa msanii mlango wa kujilinda: uliza, jaribu, weka kumbukumbu.

Mchangiaji wa Tabata

Samahani wakubwa, naona tunawasema mastaa tu. Sisi wenye kurasa za kati tunalipwa kwa simu yenyewe, yaani unapewa kifaa, unaposti mara kadhaa, basi. Nami naitumia kweli maana sina nyingine. Je, nami ni shahidi wa uongo kwa kuwa sikuandika kwamba nimepewa?

Mwanzisha uzi

Hapana, ndugu yangu, na kwa kweli wewe una kitu ambacho staa mkubwa hana: umeishi na hicho kifaa. Unajua kinavyopata joto ukipiga video juani Coco Beach, unajua kama spika yake inasikika ndani ya daladala. Lakini kuandika kwamba umepewa ni lazima, kwa sababu anayesoma anahitaji kujua kama hela iliyotoka ilikuwa yako. Mtu aliyepewa bure hawezi kutuambia kama bei inastahili, hata awe mwaminifu kiasi gani. Mengine yote anaweza kutuambia. Andika mwanzoni, kabla ya sifa, usiifiche chini ya rundo la hashitegi ambako mtu mpaka abonyeze ndipo aione. Kisha taja na kasoro moja uliyoiona. Kampuni ikikukataza kuitaja kasoro, hapo umeshajua unachonunuliwa.

Sasa naomba nirudi kwa mkuu wa Mikocheni, kwa sababu sheria itachelewa na mikataba inaandikwa kila wiki. Ningependa kuona mambo matatu ndani ya mkataba wa balozi wa simu. Kwanza, apewe simu na kuwekewa laini yake ya kila siku kwa muda wa kutosha kabla ya posti ya kwanza, na simu isirudi ofisini. Pili, maneno yoyote ya nafsi ya kwanza yatoke kwake mwenyewe, kwa kinywa chake au kwa vidole vyake. Wakala aandike sifa za kifaa kwa jina la kampuni, si kwa jina la msanii. Tatu, akiacha kuitumia simu hiyo, tangazo linalosema anaitumia liondolewe. Je, mteja wako angekubali?

Mchangiaji wa Mikocheni

La kwanza linawezekana kesho. Gharama ya simu moja ni ndogo sana ndani ya bajeti ya kampeni, na nakiri kwamba tunazirudisha kwa mazoea tu. La pili litasumbua, kwa sababu mteja anaogopa msanii atasema ovyo au ataitaja simu nyingine, lakini tunaweza kumrekodi akizungumza kwa uhuru na mteja akachagua vipande, ilimradi tusibadilishe maana. Nimewahi kuona msanii akiulizwa swali nje ya maandishi, akajibu kitu kizuri kuliko tulichomwandikia: alisema anaipenda kwa sababu tochi yake ina mwanga mkali umeme ukikatika. Mteja alikitoa kipande hicho kwa kuwa tochi haikuwa kwenye sifa kuu za simu.

La tatu hapana. Bango linalipiwa kwa miezi, tangazo la televisheni linanunuliwa nafasi mapema, na hakuna mkurugenzi atakayekubali kuteremsha kampeni nzima kwa sababu msanii amenunua simu nyingine Dubai. Nani hata atamchunguza?

Mwanzisha uzi

Hicho kipande cha tochi ningekilipia mara mbili, mkuu. Huyo dada wa Karume umeme ukikatika anafungia hesabu kwa tochi ya simu.

Kuhusu la tatu, nadhani hatutofautiani sana. Bango lenye sura yake, jina la simu na bei liache limalize muda wake, kwa sababu halisemi kitu chochote kuhusu mkono wake umeshika nini. Kinachotakiwa kuondolewa ni zile posti na zile video anazosema "naitumia", na hizo ziko kwenye kurasa za kampuni na za kwake, kuzifuta hakuna gharama ya nafasi wala ya bango. Na kuhusu nani atamchunguza, mkataba wako wa sasa tayari unamzuia kuonekana na simu ya mshindani, kwa hiyo kuna mtu ofisini kwenu ambaye kazi yake ni kupitia kurasa zake. Ongezeni sentensi moja: akionekana na simu nyingine, wakala asiishie kumtumia meneja ujumbe wa kumkumbusha aifiche, bali azifute na zile posti za ushuhuda. Ukipata nafasi ya kuipeleka sentensi hiyo kwa mteja, tafadhali urudi hapa utuambie amejibu nini.